Nyumba Aliyoikarabati Mwanawe

Fundi vigae hakuwa mjinga, tusimsingizie. Ila alikuwa na kasoro moja ya mafundi wazuri: hajui kulipua kazi.

Mama yake alikuwa amepanga miaka ishirini na sita ghorofa ya tatu, juu ya duka la simu, kwenye mtaa ambao honi na wachuuzi hawakupi nafasi hata ya kupiga chafya. Mwenye nyumba alipotaka kukarabati, alimwita fundi mwenyewe. "Mama ahamie kwako miezi miwili tu. Ukimaliza, anarudi kwake. Yule ni mama yangu pia, bwana!" Na maandishi? Maandishi ya nini! Mtu akishakwambia hivyo, utamdai karatasi bila kuonekana huna adabu? Akavishwa kilemba cha ukoka, naye akashukuru.

Basi akafanya kazi. Bafuni aliondoa kizingiti, maana magoti ya mama hayataki tena kupanda. Swichi akazishusha zimfikie. Vigae vya jikoni alivipanga kwa pimamaji, na kilichokaa upande hata kwa unywele akakibandua. Mkewe alimwonya, "Baba Pacha, weka vya kawaida tu. Unawapambia watu."

"Nampambia mama," akajibu.

Huko kwa mwanawe, mama alilala kwenye kochi la sebuleni. Kila asubuhi alikunja shuka kabla wajukuu hawajaamka, asionekane mzigo. Hakulalamika. Alihesabu wiki tu.

Kazi ilipokwisha, mwenye nyumba alikuja, akapapasa ukuta, akafungua bomba, akatabasamu kimya kimya. Fundi akadhani amefurahi. Na kweli alifurahi, mbaya yule!

Jumamosi asubuhi fundi akampeleka mama kwake. Mama alivaa gauni lake la kutokea, akapanda ngazi akipumzika kila ghorofa, anacheka peke yake. Wakakuta mlango wazi. Ndani wamo dalali na vijana wawili, mke na mume.

"Fundi! Afadhali umekuja na funguo za pili," dalali akasema. "Hawa ndio wapangaji wapya."

Fundi akatoka nje hadi kwenye korido, akampigia mwenye nyumba.

"Ndugu yangu, umeitengeneza mno," yule akasema bila hata kuona haya. "Nyumba kama ile siwezi kuitoa kwa kodi ya zamani. Mama nitamtafutia chumba pembeni ya mji, kuna hewa nzuri."

"Uliniambia atarudi!"

"Nilisema, sikatai. Sikujua itapendeza hivi. Halafu sikiliza, ghorofa ya pili nataka uifanye vile vile." Akakata simu.

Ghorofa ya pili anakaa mzee mstaafu na mkewe.  Fundi alitaka achukue nyundo avunje kigae kimoja baada ya kingine, na angevunja, wallahi, lakini mama, aliyesimama ubavuni pake, alikuwa amesikia yote. Akamshika mkono.

"Usiniaibishe mbele ya watoto wa watu. Wao wamekosa nini?"

Akavua viatu mlangoni. Yule mke kijana akamkaribisha, "Karibu, mama, jisikie nyumbani," naye akaitika, "Ahsante, mwanangu," akaingia kwake kama mgeni. Fundi alisimama na funguo mkononi, akajiona amemuuza mama yake kwa mikono yake mwenyewe.

Mama akazunguka polepole mpaka jikoni. Akamwita yule binti.

"Dirisha hili ni korofi. Ukitaka lifunge, linyanyue kidogo kwanza, halafu lisukume kwa kiganja. La sivyo mvua itakulowanishia kila kitu."

Binti akaligusa kwa kidole. Likafunga.

"Mbona linafunga lenyewe, mama?"

Mama akamgeukia mwanawe.

"Nililibadilisha," fundi akasema. "La zamani lilikuwa linakusumbua."

"Kumbe hata hilo," mama akasema, akarudi mlangoni kutafuta viatu vyake.