Kamba Haikufika Pembeni

Uliangalia viatu vyako. Usikatae, nilikuona. Kamba inavutwa kwa Elisifa, wewe macho kwenye viatu, mara kwenye migomba kana kwamba hujawahi kuona mgomba.

Kihamba kile cha Machame, shamba la ukoo la migomba na kahawa, ni mraba, mafundo arobaini ya kamba kila upande, na mfereji unapita ukingo wa juu. Tangu wanunuzi binafsi waingie na bei ya kahawa ianguke, Eliakim anataka kumuuzia tajiri wa mjini nusu yake. Ukoo ukaamua mpaka upite pembe hadi pembe. Elisifa, mjane wa mdogo wa Eliakim, angegusa maji kwenye pembe ya juu tu. Akiikosa pembe ile, migomba na ng'ombe wake wamekwisha.

Filemon, mkuu wa ukoo, akahesabu kutoka chini. Fundo la hamsini na sita likaishia kabla ya pembe. Ilibaki zaidi kidogo ya nusu fundo.

"Isale, mmea wetu wa mpaka, hupandwa penye fundo," akasema. "Katikati ya mafundo ni ugomvi."

"Basi juu ya isale ni kwangu!" Eliakim akadakia.

Ruth, binti wa Elisifa, anayefundisha hesabu mjini, akasimama juu ya shimo lililochimbwa kwa ajili ya isale.

"Shikamoo, babu. Urefu huu ni arobaini mara kipeuo cha pili cha mbili. Hauangukii fundo."

"Marahaba. Tutafunga mafundo madogo zaidi."

"Yagawe utakavyo, babu, pembe itaangukia katikati ya mafundo tu."

"Tuongeze mafundo kumi?"

"Namba isiyoandikika kwa sehemu, ukiijumlisha na kumi, bado haiandikiki. Ukiizidisha kwa kumi, vilevile. Labda uzidishe kwa sifuri."

"Sifuri ndiyo atakayopata mama yako!" Eliakim akasema.

Ukacheka. Wewe!

Ruth hakugeuka. "Izidishe yenyewe kwa yenyewe, inatoa namba kamili, eneo la vihamba viwili kama hiki. Kwa hiyo ipo. Haina fundo, lakini ina mwisho, na mwisho wake ni pale." Akanyoosha kidole penye pembe, maji yanapoingilia.

Filemon akapanda isale penye fundo. Jioni Eliakim alikuwa ameshaziba mlango wa maji kwa tope.

Isale likichipua, unajua mwenyewe, hakuna Mchagga atakayethubutu kuling'oa. Leo bado ni kijiti kilichochomekwa. Tajiri anakuja kesho, na ncha ya kamba uliishika wewe.

Chukua jembe. Twende tukalihamishie pembeni, penye maji, sasa hivi. Inuka!