Utando wa Uji Mwekundu

Jumamosi moja ya Julai, Herdis alikuwa jikoni kwa mumewe, kisiwani Lolland, akichambua beri nyekundu kwa uma. Unashika kikonyo kwa mkono mmoja, unapitisha meno ya uma juu yake, na beri zinadondoka bakulini bila kupasuka. Alizichemsha pamoja na rasiberi mpaka zikatoa maji yote. Akageuza kigoda miguu juu, akafunga kitambaa kwenye miguu yake minne, na kuacha juisi ichuruzike polepole. Aliporudisha juisi motoni alitia sukari yote iliyobaki koponi, kwa sababu beri za mwaka ule zilikuwa chachu kupita kiasi. Kisha akaepua, akamimina wanga wa viazi huku akikoroga, na uji ukashika.

Vita vilikuwa vimekwisha lakini sukari ilikuwa bado inagawiwa kwa kadi, hata huko Lolland ambako mtu ukitazama huku na huku huoni ila mashamba ya kiazi-sukari. Kwa hiyo Herdis aliumimina uji kwenye bakuli la kioo, na uliobaki akautia kwenye kibakuli, akaviacha stoo vipoe bila kunyunyizia sukari juu.

Kwao Jutland, uji usionyunyiziwa sukari hufanya utando, basi. Kijijini Havløkke, utando huonyesha kile ambacho nyumba imekificha. Ndiyo maana wenyeji huunyunyizia sukari uji ungali moto, mpaka ukingoni, utando usipate nafasi. Mgeni akiuliza huambiwa ni kwa ajili ya utamu. Herdis alikuwa ameolewa hapo tangu Aprili, na hakuna aliyejisumbua kumweleza.

Jumapili, kabla ya chakula cha mchana, alikwenda kulichukua bakuli. Kwenye utando palikuwa na viganja viwili vilivyosukuma kutoka chini, vidole vimetawanyika, mistari yote inaonekana. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa nusu. Herdis aliogopa, akakaa juu ya gunia la viazi, bakuli mapajani. Kupitia kioo alihisi viganja vikisukuma tena, taratibu, kisha vikapumzika.

Mama mkwe wake, Kirstine, aliingia na kofia yake ya kanisani.

"Hee! Hukutia sukari juu?"

"Imekwisha, mama. Yote nimeitia sufuriani."

"Yote sufuriani! Nyie watu wa Jutland bwana, hata kuharibu mnaharibu kwa bidii."

"Mama, mikono ya nani hii?"

"Ya Asta, ya nani tena? Kidole kile kilikatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Hakuwa mwangalifu, masikini."

Asta alikuwa mke wa kwanza wa Evald, mume wa Herdis.

"Si mliniambia yuko Amerika?"

"Tulikuambia, ndiyo," alisema Kirstine. "Haya, inuka, jifute uso. Mumeo huyo anakuja."

Evald alinawa, akaketi, akasali. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya chini, na Herdis hakuwahi kumsikia akigomba. Alilitazama bakuli kwa muda.

"Umefanya utando."

"Nisamehe."

"Si kitu. Nipe malai."

Malai yalijaza viganja kwanza, ndipo yakaenea kwingine. Evald alianza na kidole kile kifupi. Kirstine alizungumzia mvua, na jinsi viazi vilivyopendeza mwaka huu. Herdis naye alipakuliwa, na alikula kwa sababu mumewe alikuwa anamtazama. Uji ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Usiku ule hakufumba macho. Evald alilala fofofo ubavuni mwake, mkono wake mzito umelala juu ya shingo ya mkewe kama alivyozoea, na Herdis aliogopa kuusogeza.

Asubuhi alikichukua kile kibakuli cha stoo, ambacho hakuna aliyekigusa na chenye viganja vile vile kwenye utando, akakifunika kwa kitambaa, akakiweka kwenye kikapu cha baiskeli. Mchungaji Bruun alikipokea mwenyewe ofisini kwake, akavaa miwani.

"Ndiye Asta," alisema. "Niliwafungisha ndoa mimi. Siku ile pete ilipita kwa shida, vidole vyake vilikuwa vinene. Kumbe amekonda hivi."

"Mchungaji, nifanye nini? Naogopa kulala mle ndani."

"Polisi wako mjini, binti yangu. Kabla hujafika jua litakuwa limeshaukausha utando. Utasimama mbele yao na uji."

"Basi njoo wewe useme. Wewe umeona."

"Wote tumeona." Alivua miwani. "Evald ni mzee wa kanisa. Mwaka ule wa ukame alilisha ng'ombe wa kijiji kizima kwa nyasi zake. Mtu kama huyo unamwanzaje?"

Akainuka, akafungua kabati.

"Asta naye alikuja na bakuli," alisema akiwa amempa mgongo. "Alikaa kwenye hicho hicho kiti."

"Yeye alikuwa ameona mikono ya nani?"

"Ya msichana mmoja aliyekuwa anawakamulia ng'ombe. Tulisema amekwenda Sweden."

"Na Asta ukampa nini?"

"Sukari," alisema mchungaji, akamwekea mkononi kifurushi cha karatasi.

Husemwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Havløkke kifo kilikuwa kimeshapita mara mbili na hakikumuumbua mtu.

Herdis hakurudi nyumbani. Alipiga moyo konde, akakanyaga pedali mpaka kituo cha treni, na nguo alizovaa ndizo alizokuwa nazo. Mkuu wa kituo, mzee Holger, alitoka kabla hajashuka kwenye baiskeli.

"Treni imejaa, bibie."

Treni ilikuwa imesimama nyuma yake. Ndani hapakuwa na mtu.

"Na ya kesho?"

"Ya kesho pia imejaa. Mumeo amepiga simu kuuliza kama umeshafika. Nimemwambia uko njiani unarudi." Holger alitia mkono mfukoni, akatoa sukari iliyofungwa kwenye gazeti. "Chukua. Mke wangu ameipunguza kwenye jamu."

Njia nzima ya kurudi, wanawake walikuwa wamesimama kwenye mageti yao, na kila mmoja alikuwa na kijiko au kikombe.

"Kidogo tu, jirani, ndicho tulicho nacho."

"Imwage yote, usione huruma. Na ukingoni usisahau!"

"Watoto wangu watakunywa chai bila sukari wiki hii, lakini afadhali wewe uwe na amani."

Hawakuwa watu wabaya. Walimwonea huruma kwelikweli, na mmoja wao alilia huku akimimina. Herdis alipofika kwake kikapu kilikuwa kizito hata baiskeli ikawa inayumba.

Evald alikuwa amekaa jikoni mchana ule, jambo ambalo si kawaida yake. Ndoo ya beri ilikuwa mezani, amezichuma mwenyewe.

"Tupikie tena," alisema.

Herdis alichambua, akachemsha, akachuja, akatia wanga. Alipomimina uji bakulini viganja vilianza kupanda palepale, kabla hata mvuke haujakatika. Herdis alinyunyiza sukari. Viganja vikasukuma, sukari ikafanya ufa katikati, akaongeza. Ufa ukatokea pembeni, akaongeza na huko. Aliendelea hivyo huku machozi yakimdondoka, mpaka bakuli zima likawa jeupe, bapa, limetulia.

"Sasa umejua kupika," alisema Evald. "Hebu lete mikono yako."

Ilikuwa myekundu kwa beri mpaka kwenye vifundo. Evald aliipokea, akaigeuza viganja juu, akavipapasa vidole kimoja kimoja kutoka shina mpaka ukucha.

"Mikono mizuri," alisema. "Mbona inatetemeka?"

Herdis alisema ni uchovu. Evald akasema basi apumzike, hakuna haraka, na akaendelea kuishika mpaka uji ulipopoa.