Magoti Yangu Yalibaki Chini

Usiku wa jana niliota niko kanisani, siku ya kumi na tisa ya mfungo wangu wa siku ishirini na moja, na anayeongoza maombi ni kiti cha plastiki. Hakuna aliyeshangaa. Kiti kilikuwa kimevaa kola ya kichungaji, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko ya mchungaji wetu.

"Ndeshi," kikaniita, "unaomba nini?"

"Bwana anipandishe viwango." Nafundisha jiografia. Nautaka ukuu wa shule.

"Basi kaa."

Nikakaa. Waumini wakapaza sauti, "Pokea!" Nikajibu, "Napokea!" Kiti kikapanda nami ghorofa moja. Sikujua kanisa letu lina ghorofa. Ninavyolijua mimi, lina bati na popo watatu.

"Pokea!"

"Napokea!"

Ghorofa ya pili wananivika gauni la kitenge, refu, limeshonwa tayari. Ghorofa ya tano napewa funguo za gari, la rangi ileile niliyoitaja kwenye sala. Ghorofa ya tisa kuna ofisi. Jina langu liko mlangoni, pazia ni jipya, chai inafuka mezani. Nataka kuinuka niingie. Siinuki.

Nafunua gauni. Magoti hayapo.

"Tuko huku!" goti la kushoto linaita kutoka chini kabisa, mbele ya madhabahu.

"Pandeni, basi! Chai inapoa!"

"Hatupandi," linajibu la kulia, ambalo tangu zamani ni kali. "Sisi tunakwenda hospitali. Uliahidi."

"Niliahidi nini?"

"Mwone," la kulia linamwambia mwenzake. "Eti anauliza."

Hapo nikakumbuka. Aikande. Miaka sita tunaimba sauti ya pili bega kwa bega. Jumapili alinishika mkono nje ya kanisa akasema, "Mwenzangu, Jumatano saa mbili asubuhi napasuliwa uvimbe wa shingo. Naogopa nitaamka sina sauti. Niombee." Nikamwambia, "Nakuombea, mpenzi, ondoa shaka," nikapanda bodaboda. Sikumwombea hata neno moja. Nilikuwa na maombi yangu mengi.

Na kunakucha Jumatano.

"Kiti, nishushe."

"Sala ya kushuka sinayo," kiti kinasema kwa upole. "Huku juu hakuna aliyewahi kuiomba. Jaribu kumtaja mtu ambaye si wewe."

"Bwana, mlindie Aikande sauti yake," nasema. Tunashuka ghorofa moja.

Namtaja mama mwenye nyumba wangu na mguu wake unaovimba. Moja tena. Namtaja mlinzi wa shule, mkewe, na mjukuu wao anayekohoa. Tatu kwa mpigo. Nasema, "Na yule mwanafunzi wa kidato cha pili aliyefiwa na baba."

Kiti hakisogei. "Jina."

Nimemfundisha mwaka mzima. Silijui. Machozi yananitoka.

"Machozi ni nusu ghorofa," kiti kinasema, na kweli kinashuka nusu.

Natafuta mwingine. Natafuta sana. Najikuta nayajua majina ya wajumbe wote wa bodi ya shule, na hakuna hata mmoja wao niliyetaka kumwombea. Basi nikaruka.

Nikatua wodi ya wanawake. Magoti yangu yalikuwa yamefika zamani. Yamejipiga yenyewe kando ya kitanda cha Aikande. Nikayaingia kimya kimya, kama mtu aliyechelewa ibada.

Kando yao mwanamume amekunja mikono ya shati, ameshika beseni alilotapikia Aikande. Nikamtambua, kama unavyomtambua baba yako hata akikupa mgongo.

"Bwana," nikasema, "nimefunga siku kumi na tisa kwa ajili yako."

"Najua. Umekonda," akasema. "Jana nilikuwekea uji hapa, hukuja." Akaelekea mlangoni. "Nifuate."

Nikajiandaa kwa safari ndefu. Nikamfuata hatua kumi na mbili, hadi kwenye bomba la maji mwisho wa wodi. Akanipa beseni na sabuni. Nikaosha, naye akanimiminia maji. Hakunihubiria lolote.

Tuliporudi, Aikande alikuwa ameamka.

"Umechelewa, Ndeshi."

"Nimechelewa, dada. Nisamehe."

"Kaa. Nilimwambia nesi nina mtu, akaniangalia hivi, kama namdanganya." Akacheka kidogo, akaishika shingo. Kisha akaanza kuivua pete yake ya ndoa. "Wamesema chumba cha upasuaji naingia bila kitu. Nivalie mpaka nitoke."

"Hainitoshi. Vidole vyangu vinene."

"Isukume!"

Akaisukuma mwenyewe mpaka ikavuka kifundo cha kidole. Iliuma. Wakaja kumchukua. Nikapiga magoti sakafuni pale pale, nikamwombea yeye tu, na nilipotafuta sehemu ya kujitaja mimi, sikuiona.

Niliamka saa kumi na mbili kasorobo. Nilivaa haraka, nikachemsha uji, nikaufunga kwenye chupa ya chai kwa ajili ya siku atakayoweza kumeza. Kisha nikakumbuka utapoa, nikaubeba hivyo hivyo. Kwenye karai nikanawa mikono, sabuni ikanichoma.

Sijaolewa. Sijawahi kuvaa pete maishani. Kwenye kidole changu, chini ya kifundo, palikuwa na mfinyo mwembamba wa mviringo, na juu yake ngozi imechunika, bado mbichi.