Jina la Tisa Kwenye Orodha

Mama Stoo hakujua kunong'ona. Miaka ishirini na sita alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni, na kila siku ya mgao alisimama mlangoni na orodha, akaita majina, wanafunzi wakaja mbio. Alistaafu, wanawe watatu wakatawanyika, lakini sauti ilibaki ileile. Nyumbani hakukuwa na wa kuitwa. Kwa hiyo ghala la chakula la mtaa lilipotafuta watu wa kujitolea, alifika wa kwanza, aproni yake begani.

Kazi aliijua kama kiganja cha mkono wake. Aliwafundisha wenzake kupima unga kwa mizani badala ya kukisia, kupanga mafuta chini na mkate juu. Aliyeleta msaada wa makopo yaliyopitwa na tarehe alirudishwa nayo. "Wewe mwenyewe ungekula hiki? Basi leta unachokula." Watu walinung'unika, wakaleta.

Ijumaa ile foleni ilifika barabarani. Mama Stoo akashika orodha na kuanza kuita. Jina la tisa lilimtoka kabla akili haijalifikia: la kwanza, la baba, la ukoo, lote hewani. Ndipo akamwona mwenye jina.

Alikuwa jirani yake, fundi cherehani, aliyeshona sare za nusu ya watoto wa mtaa. Alikuwa amesimama nyuma ya watu warefu, mtandio ameushusha hadi kwenye nyusi. Vichwa vikageuka.

"Kumbe hata fundi?" mtu mmoja akasema.

Fundi alikunja mfuko wake mtupu, akaukunja tena mpaka ukawa mdogo kama leso, akaondoka.

Jioni Mama Stoo alimpelekea chakula cha mgao wake, kimefungwa kwenye mfuko. "Shoga, ni mimi. Fungua." Mlango haukufunguliwa. Akakiacha kizingitini. Asubuhi alikikuta kwenye kizingiti chake yeye, hata fundo halijaguswa.

Vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta mmoja. Kwa miaka tisa Mama Stoo alilala na kuamka na mlio wa cherehani. "Siku moja utaushona na usingizi wangu," alizoea kulalamika, na fundi kumjibu, "Nianze na huo mdomo, tupumzike wote." Sasa ukuta ulikuwa kimya. Siku ya kwanza alisema moyoni, amenuna. Ya pili, amenuna kweli. Ya nne alitua kikombe chake, akaweka sikio ukutani. Alisikia maji yakimiminwa, kijiko kikigonga bilauri mara moja, basi. Hakusikia sufuria. Na mtu aliyeishi na chakula maisha yake yote anaijua nyumba inayopika, anaijua na isiyopika.

Akampigia simu binti yake mkubwa.

"Nimemwita jirani kwa sauti mbele ya watu."

"Mama, wewe humwita kila mtu kwa sauti."

"Huyu hafungui mlango. Nadhani hapiki wala hali."

"Umemwomba radhi?"

"Nimegonga."

"Kugonga si kuomba radhi, Mama. Niko kazini, nitakupigia baadaye."

Hakupiga. Mama Stoo aliitazama simu hadi kioo kikazimika, kisha akainuka. Aproni yake ilikuwa imechanika mfukoni tangu mwezi uliopita. Akaichukua, akasimama mlangoni kwa fundi, na kwa mara ya kwanza katika utu uzima wake akasema chini kwa chini, "Nina kitu cha kushona."

Mlango ulifunguka upana wa kiganja. Uso wa fundi ulikuwa umepungua. Nyuma yake, chini ya dirisha, palikuwa na mraba wa sakafu safi kuliko kwingine kote, na vipande vya nyuzi pembeni.

"Cherehani iko wapi?"

"Nimeuza. Jumamosi. Pesa yote imeishia kwenye deni la kodi."

Siku moja baada ya Ijumaa.

"Nilikosa," akasema Mama Stoo. "Nisamehe."

"Mimi sikukataa chakula," fundi alisema. "Nilikwenda kujiandikisha kwa miguu yangu. Nilisimama kwenye foleni saa nzima. Nilichokataa ni kutangazwa." Akaichukua aproni. "Nitashona kwa mkono. Usinisimamie."

Mlango ukafungwa.

Ijumaa iliyofuata Mama Stoo aliiweka orodha mezani, akaigeuza uso chini; mgongoni mwake alikuwa ameandika namba tupu. Kila aliyefika mlangoni alinyoosha kidole kwenye namba yake ya usajili, akapewa, akaenda zake.

"Leo sauti iko wapi?" mzee mmoja alimtania.

"Imestaafu."

Fundi hakuja. Lakini Mama Stoo aliporudi nyumbani aliikuta aproni ikining'inia kwenye kitasa. Mshono ulikuwa mdogo, wa sawasawa, usioonekana mpaka uguswe. Ndani ya mfuko kulikuwa na karatasi iliyokatwa kwenye kitabu cha vipimo: *Ukiwa na kitu, weka mlangoni, gonga ukutani mara mbili. Usiniite.*

Akaweka unga, maharage, mafuta, na mkate juu. Akarudi chumbani, akagonga mara mbili. Alitamani kuongeza neno, hata moja tu la utani. Akalimeza.

Mlango wa fundi ulifunguka, ukafungwa. Kisha sufuria ikagusa jiko.

Mama Stoo akapakua chakula chake cha mtu mmoja. Meza yake ilikuwa upande wa mbali wa chumba. Akavuta kiti hadi ukutani, akaweka sahani mapajani, akasubiri mpaka kijiko cha upande wa pili kilipoanza. Ndipo naye akala, polepole, ili wamalize pamoja.