Mdudu Aliyehama

Tupokigwe alipitisha ulimi kwenye pengo, akaurudisha upesi kama aliyegusa sufuria ya moto. Jino lenyewe lilishang'olewa, tena alionyeshwa mpaka mizizi yake. Sasa pale juu kilikuwa kinauma nini?

"Mdudu kahama," alisema wifi yake, Jesca, huku akipeta mchele uani kwao Mbagala. "Nyumba yake mmeing'oa, ulidhani atalala barabarani? Kahamia kwa jirani."

Tupokigwe hakubisha. Alikuwa amemwona kwa macho yake. Kabla ya kung'oa walimfukiza kwa moshi wa mbegu za ndulele, lile tunda chungu la porini, kichwa kimefunikwa khanga, mdomo wazi juu ya bakuli la maji, na walipofunua, vidudu vyeupe vilikuwa vinaelea. Ila kilichomchanganya ni huyu mdudu kutokuwa na msimamo. Mwanzoni maji ya baridi yalimpiga mpaka sikioni. Siku hizi chai ndiyo inamuua, na hayohayo maji ya baridi yanampoza.

Wakaenda zahanati. Daktari wa meno, kijana anayeitwa Gervas, alimkalisha kwenye kiti.

"Hili hapa, jirani na pengo," Tupokigwe alionyesha. "Ng'oa tu, daktari."

"Na lile la kwanza, nani alilichagua?"

"Mimi mwenyewe. Si mie ndiye ninayeumwa?"

Gervas akaligonga la juu kwa mpini wa kioo chake. Kimya. Akagonga la upande wa pili wa pengo, kimya. Aliposhuka kwenye gego la chini, Tupokigwe aling'ang'ania kiti, miguu ikapaa.

"Hilo linalia kwa kumhurumia mwenzake," Tupokigwe akamfafanulia daktari, machozi yakimlenga.

"Hilo limetoboka kwa ndani, mshipa wake wa fahamu umevimba," Gervas alisema. "Mishipa ya meno ya juu na ya chini huko nyuma inaungana. Ubongo unapokea taarifa kwamba kuna maumivu, ila unakosea mtaa."

Jesca akadakia kutoka mlangoni. "Yaani mtu aumwe Temeke, alie Mwenge?"

"Ndivyo ilivyo, dada."

"Kwa hiyo mie sijui ninapoumwa?" Tupokigwe aliuliza. Aliwatazama wote wawili, akitafuta nani anamtania.

"Kuumwa unaumwa kweli. Wapi, ndipo penye utata. Naomba nichome ganzi chini tu, juu sigusi. Maumivu ya juu yakibaki, hapo tutalizungumzia la juu."

Akakubali, kwa sababu la juu halitaguswa. Sindano ikaingia. Walisubiri, Jesca akimkodolea macho kama anayevizia maziwa yasifurike. Mdomo wa chini ukawa mzito, kidevu kikawa cha mtu mwingine.

Tupokigwe akasikilizia juu. Akapeleka ulimi kwenye pengo, polepole, kisha kwenye jino la jirani. Akalisukuma. Akalisukuma tena kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyoacha watu ndani sasa hivi. Hakuna aliyeitika.

"Limenyamaza," alisema, ulimi ukimkwama. "Mbona limenyamaza? Hujaligusa!"

Gervas alipanga vyombo vyake.

"Basi lile nililong'oa..."

"Lilikuwa zima," alisema taratibu. "Pole sana."

"Na wale wadudu kwenye bakuli?"

"Ni viini vya mbegu. Vikipata joto vinachomoka, vinafanana na minyoo."

"Wifi!" Tupokigwe aligeuka. "Si wewe uliyesema kahama?"

"Mie nilisema kwa kukisia, jamani," Jesca alijibu, akaanza kuitengeneza khanga yake ambayo haikuwa na tatizo.

Gervas akamweleza kuwa gego la chini bado linaweza kupona: atalifungua, atoe mshipa ulioharibika, asafishe mizizi, azibe, na itabidi arudi amalizie. Tupokigwe alisikiliza neno kwa neno. Bado hakuelewa jinsi jino lisilomuuma lilivyokuwa linamuumiza, wala uchungu ulivyojua kupanda juu peke yake. Alichojua ni kwamba juu kumetulia, na jino lake moja zima limeshatupwa.

Akaweka kidole kwenye gego la chini. "Hili?"

"Hilohilo."

"Haya, lifungue." Kwa mkono wa pili akaufunika mdomo wa juu. "Lakini hili la huku, daktari, hata kulitazama usilitazame."