Visu vya Odero

Matanga ya mume wangu Odero hayajaisha, jirani yetu Kiragu akaingia chumbani kwangu hapo mtaa wa Woodley, Nairobi, akatoka na kopo la visu. Alidai marehemu alimwachia.

Odero alikuwa akikusanya visu vya springi, vile vya kwanza kutoka Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Unabonyeza kitufe, bapa linaruka lenyewe. Nilimwambia Kiragu arudishe. Akanijibu mbele ya waombolezaji:

"Mama Awiti, mjane na visu vya kuruka wapi na wapi? Unataka kumchoma nani?"

Wakacheka. Nikaendelea kugawa chai.

Mwaka wa 1971 Kiragu alinijia amevaa tai. Alikuwa ametangazia mtaa mzima kwamba Bwana Mehta, fundi wa saa wa Biashara Street aliyekusanya visu pia, angempa saa ya dhahabu wabadilishane na visu vile. Kilichomkera ni neno JAPAN, lililochongwa kwenye kila bapa karibu na mpini. Siku hizo kitu kikivunjika upesi, tulisema ni cha Japani.

"Hilo neno si litaniharibia?" akauliza.

Odero alikuwa amenieleza kwamba Mehta hutafuta neno hilo kabla hata ya kugusa kitufe. Bila hilo, hataki.

"Wewe ungenunua kitu cha Japani?" nikamuuliza.

"Hata cha bure sichukui."

"Basi unaniuliza nini?"

Akavipeleka kwenye gereji za Grogan, fundi akayasaga maneno yote kwa mashine.

Jumamosi, siku aliyoitangaza, nilijipeleka dukani kwa Mehta na saa yangu ya mezani, nikakaa. Kiragu akafika, akafungua kopo. Mehta akaweka lenzi jichoni, akatazama kimoja, cha pili, cha tatu. Akavirudisha.

"Nani amefuta jina? Sasa ni vyuma tu."

Kiragu akageuka kunitazama. Nikatoa mkobani kisu ambacho Odero alikuwa akimenyea machungwa, nilichokitoa mfukoni mwake hospitalini. Nikabonyeza. JAPAN, safi kabisa. Mehta akanyoosha mkono.

"Hiki hakitoki," nikamwambia. "Nilitaka tu Bwana Kiragu akione."

Jumapili, watu wakitoka kanisani, wale wale waliocheka, nilimsimamisha mlangoni.

"Bwana Kiragu," nikasema kwa sauti, "hebu tuambie ni saa ngapi."