Milio Niliyoamuru Ifutwe

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Dada yangu husema nikitaka kuchemsha maji sihitaji jiko. Kwa hiyo siku Mama Waya aliponiuliza kwa nini nataka kufuta rekodi za antena, nilimjibu hovyo.

"Mama, kazi yako wewe ni nyaya. Diski zimejaa. Data zote nimeshazisafisha, hizo chafu za nini? Futa!"

Akanitazama juu ya miwani yake. Alikuwa fundi wa kituo chetu tangu mimi sijajua kusoma, na jina hilo la Mama Waya alibandikwa na wanafunzi. "Haya mwanangu, nimesikia," akasema. Nikaondoka najiona bosi.

Sasa nieleze tulichokuwa tunafanya. Huko juu, kupita hewa yote, dunia imezungukwa na uga wa sumaku ulionasa elektroni chungu nzima. Zinakwenda kaskazini, zinarudi kusini, hazitoki. Lakini kuna siku hupungua ghafla, na tasnifu yangu ya udaktari ilikuwa ya kueleza kwa nini. Huko kuna plazma, yaani gesi ya chembe zenye umeme, na ndani yake hupita mawimbi. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukikosea wakati, unajichosha bure, ukisukuma kwa wakati wake, anapaa. Wimbi likienda mpigo mmoja na elektroni, huisukuma mpaka ikapinda njia yake, na badala ya kurudi ilikotoka, inatumbukia hewani. Ndiyo imepotea hiyo. Baadhi ya mawimbi hayo hufika mpaka chini, na antena yetu ilikuwa ikiyanasa; ukivaa vipokea sauti, unayasikia kama milio.

Wiki tatu kabla ya kutetea tasnifu, Profesa wangu aliweka kidole kwenye mchoro.

"Satelaiti inasema elektroni zilipungua alfajiri hii ya mwaka jana, baada ya dhoruba ya jua. Wimbi liko wapi? Kwako naona kimya."

"Basi siyo mawimbi," nikasema.

"Au hukusikiliza."

Nilitoka nimefura. Nikaingia chumba cha mitambo, nikavaa vipokea sauti, nikasikiliza rekodi mpya, iliyoingia siku hiyo hiyo, ambayo programu yangu ilikuwa haijaigusa. Lo! Milio, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukipanda mbio kutoka chini kwenda juu, ungedhani ndege wameamka mtini. Nikaipitisha kwenye programu. Kimya.

Programu niliandika mwenyewe: kila mlio unaopanda ghafla ni uchafu wa mota za jirani, ondoa. Miezi kumi na minne nilikuwa natupa mchele nahifadhi makapi. Na zile rekodi za mwanzo, ambazo hazijasafishwa, niliamuru zifutwe. Bila hizo tasnifu hakuna, na chuo kilikuwa kimeshaniongezea muda mara mbili, ya tatu haipo. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu alikuwa ameshawasili.

Mama Waya alinikuta nimeshika kichwa. Nikamweleza yote. Nilingoja anicheke, ningekuwa mimi, ningecheka wiki nzima.

Alifungua kabati la vifaa, akatoa boksi la viatu. Ndani mna diski tisa, kila moja ina tarehe kwa mwandiko wake.

"Si nilikwambia ufute?" nikauliza, mjinga mimi.

"Uliniambia. Wiki ile ya dhoruba yenu ya jua antena ililegea, nikapanda mlingoti na mvua yote ile, nikakaza waya vidole vimekufa ganzi. Nitupe kazi hiyo kwa sababu kijana kaamka vibaya? Usitupe mbachao kwa msala upitao, baba."

Nililia. Sisemi yalinilengalenga, nililia kwa sauti, naye akanipa kitambaa cha kufutia mashine.

Siku ya kutetea, wimbi lilikuwa pale pale, alfajiri ile ile. Nikawachezea jopo milio, wakatabasamu. Kisha mwenyekiti akauliza, "Data hizi za mwanzo mlizihifadhi kwa utaratibu gani?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: tulitunza nakala. Ukweli ungeweza kuniangusha, maana mtafiti anayefuta data zake ni mtafiti gani? Nyuma kabisa Mama Waya alikuwa anatikisa kichwa, ninyamaze.

"Utaratibu haukuwepo," nikasema. "Mimi niliamuru zifutwe, tena kwa ukali. Fundi wetu, yule pale, alikataa. Kila mlio mliousikia ni yeye aliyeuokoa. Mama, asante. Asante sana, na unisamehe."

Nilifaulu, lakini siku ile siikumbuki kwa hilo. Mwenyekiti alichukua kalamu, akamgeukia Mama Waya.

"Mama, tupe jina lako kamili liingie kwenye kumbukumbu."

Alisimama, akalitaja polepole. Miaka mitano tumekunywa chai chumba kimoja, na ndiyo mara ya kwanza nalisikia.